Kwa Nini Chatu Hujivua Gamba Akiwa Peke Yake

Kabla chatu hajajifunza kukutazama bila kupepesa, alikuwa na kope. Ndiyo, kope, kama zako na zangu na za mbuzi. Alizifunga akilala, alizipepesa vumbi lilipoingia, na alipofiwa alilia machozi ya kuonekana. Gamba lake nalo siku hizo halikutoka kwa mkupuo mmoja kama soksi. Lilipukutika kidogo kidogo, leo punje mbili, kesho tatu, kama mba za kichwani, mbele ya kadamnasi, na waliofagia nyumba walilifagia pamoja na makapi ya mtama bila kuuliza hiki ni nini. Ukisikia mtu anasema nyoka aliumbwa msiri, mwambie amekuja juzi. Nyoka alifanywa awe msiri. Waliomfanya ni watu, na watu hao walikuwa na haraka.

Palikuwa na kijiji kikiitwa Itandula, katika nchi ya mawe makubwa kusini mwa ziwa, mawe yaliyopandana kama mtu aliyapanga kisha akaghairi. Kila kaya ilikuwa na kihenge chake cha mtama, na juu ya kila kihenge, kwenye boriti, aliishi chatu mmoja. Kazi yake ilikuwa panya. Mshahara hakuwa nao, likizo hakuwa nayo, na sijasikia kama kuna aliyewahi kumwambia ahsante kwa Kiswahili wala wabeja kwa Kisukuma. Alipewa joto la jikoni na mahali pa kujikunja, akaambiwa ashukuru, maana wangapi huko porini wanaitamani nafasi hiyo. Maneno hayo mnayajua. Ni ya zamani kuliko mnavyodhani.

Katika kaya moja ya Itandula aliishi mwanamume aitwaye Maduhu na mkewe Nkwimba. Chatu wao alikuwa jike, jina lake Mlekwa, yaani aliyeachwa. Maduhu alimwokota akiwa mwembamba kama ufito, baada ya moto wa nyika kupita na kuwageuza ndugu zake majivu. Akamlea kwapani. Akipalilia, Mlekwa yuko kwapani. Akichunga, yuko kwapani. Na hata alipokua akawa mzito kama gunia, bado jioni aliteremka kutoka kwenye boriti, akajilaza miguuni pa Maduhu, naye Maduhu akampitishia kiganja mara moja tu, kutoka kichwani hadi mkiani, bila kusema neno. Kisha kila mmoja akaenda kulala kwake.

Nkwimba alipoolewa alikuta mambo hayo yapo, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kununa, aliyageuza utani. Alimwita Mlekwa mke mwenzangu. Akipakua ugali aliuliza mke mwenzangu ameshakula, au leo panya wamegoma. Akigombana na Maduhu alimwambia nenda kalale kwenye boriti kwa mkeo mkubwa. Watu walicheka, Maduhu akacheka, na nyumba ikaenda.

Mwaka ule, mtama ukiwa umefika magotini na palizi imeshika kasi, Maduhu alirudi kutoka shambani akisema kichwa kinamuuma. Siku ya tatu akafa. Hivyo tu. Hapakuwa na uchawi wala fumbo. Homa ilikuja, ikachukua, ikaondoka na mtu.

Wakamzika kando ya zizi. Nkwimba akavaa shuka la marehemu, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa desturi: mjane huvaa shuka la mumewe likiwa bado na jasho lake. Lakini desturi hiyohiyo ilisema kwamba siku ya nne ukoo hukusanyika, ndugu wa marehemu husimama mbele ya watu, hulishika lile shuka begani na kulivuta. Mjane huogeshwa, hupigiwa vigelegele, hupewa jembe, na jioni yake huhesabiwa kuwa mke wa yule aliyevuta. Walikuwa na msemo wao kwamba mtama haungoji matanga. Msemo mzuri, una mizani. Misemo mingi ya kuwaumiza watu ina mizani nzuri.

Mvutaji angekuwa Luhende, mdogo wake Maduhu. Luhende hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa fasta, basi. Alipika nyama ikatoka mbichi, alijenga zizi likaanguka, na alipofiwa na kaka yake hakujua aweke wapi mikono, kwa hiyo akaanza kupanga mipango. Mwenye kauli ya mwisho katika kaya ile, hata hivyo, alikuwa mama yao, Mayu Ngolo, mjane wa siku nyingi, mwanamke wa maneno machache, ambaye tangu mwanawe azikwe alikuwa akisaga mtama kutwa nzima, hata ule ambao hakuna aliyekuwa na njaa nao.

Sasa, Mlekwa. Siku ya mazishi aliteremka, akatambaa mpaka kaburini, akalia. Aliyemsikia hakusahau, kwa maana chatu wakati huo alikuwa na sauti. Alilia kutwa na kucha mpaka sauti ikaisha ikabaki pumzi, ile pumzi ya sss mnayoisikia mpaka leo mkaidhani ni hasira. Machozi nayo yalimganda. Kope za juu zikashikana na za chini, zikawa kitu kimoja na gamba, na juu ya macho pakatanda weupe wenye ubuluu, kama maji yaliyooshewa mchele. Akarudi juu ya boriti kwa kupapasa.

Ndipo Nkwimba akaona jambo la pili. Aliposhika ufagio asubuhi, hakukuta punje hata moja ya gamba chini ya boriti. Kesho yake vilevile. Akapanda kwenye kinu, akatazama. Gamba lote lilikuwapo, limekufa, limepauka kama majivu ya jikoni, lakini Mlekwa hakuliachia lianguke. Alilishika. Nkwimba alikaa pale juu ya kinu muda mrefu, mpaka akaelewa: lile ndilo gamba ambalo kiganja cha Maduhu kilipita juu yake. Kila punje ambayo ingeanguka ingeanguka na alama ya mkono ule. Nkwimba akajitazama, akaliona shuka lililompwaya mabegani, halijafuliwa, akalivuta karibu na pua. Alishuka kinuni bila kumwambia mtu.

Chatu aliyeshika gamba lake haoni vizuri, na chatu asiyeona hawindi. Panya wakajua kabla ya watu. Siku ya kwanza walikula pembeni, kwa adabu. Siku ya pili waliingia na familia. Ilipofika siku ya nne, siku ya kuvuliwa shuka, kihenge kilikuwa kimetobolewa sehemu tatu, na ndani yake kulikuwa na mtama wa akiba wa ukoo mzima.

Ukoo ukakaa kikao. Luhende alizungumza kwanza, akasema mengi, na kiini chake kilikuwa hiki: mtumishi asiyefanya kazi ni mzigo, kwake ana chatu kijana mwenye nguvu, huyu wa zamani achinjwe, mafuta yake yawafae wenye baridi yabisi, na ngozi yake itengenezwe mkoba.

"Mayu," alimalizia, akimgeukia mama yake, "nyumba hii haina mlinzi, ina mgonjwa. Tutamlisha mgonjwa mtama wetu mpaka lini?"

"Shemeji," Nkwimba akasema kutoka pale alipokaa chini, "tangu lini chatu akala mtama?"

Walicheka hata wale waliokuja kulia. Masikio ya Luhende yakawaka. Lakini kicheko hakijazi kihenge, na Mayu Ngolo hakucheka. Alisema kwamba mke harithiwi katika nyumba isiyo na mlinzi; jambo la nyoka liishe kwanza, kisha la mjane. Akatoa siku nne nyingine. Asubuhi ya siku ya nane, kama Mlekwa hawindi, atachinjwa, na shuka litavutwa palepale. Kama anawinda, atabaki hai, na shuka litavutwa vilevile.

Nkwimba hakuomba chochote juu ya shuka. Lile alishajua litaondoka; wanawake wote aliowajua walikuwa wamevuliwa siku ya nne na kesho yake walikuwa shambani, wamenyamaza, wakilima mistari iliyonyooka. Alichotaka kilikuwa kimoja tu, Mlekwa asife. Katika dunia nzima hakuna mwingine aliyeijua ile miguu ya Maduhu, lile kwapa, ule ukimya wa jioni. Mlekwa akichinjwa, Nkwimba angekuwa shahidi peke yake, na shahidi mmoja siku hizo hakuaminiwa hata na nafsi yake.

Basi Itandula nzima ikawa madaktari. Mmoja alisema mpakwe samli. Akapakwa. Mwingine akasema afukizwe moshi wa samadi, kwa kuwa ng'ombe wake alipona macho hivyo. Akafukizwa, akakohoa kikohozi cha pumzi tupu. Kuna aliyeshauri alazimishwe kula. Wakamletea panya aliyekufa, wakamsogezea mdomoni, akageuza kichwa. Wakamfungulia mdomo kwa ufito. Akatapika. Walisema hana shukrani. Hakuna aliyesema tumwache, maana kumwacha mtu si ushauri; hakuna anayekuja nyumbani kwako kutoka ng'ambo ya mto ili akushauri usifanye kitu.

Asubuhi ya siku ya sita Nkwimba alipanda kinuni akakuta weupe umeondoka. Macho ya Mlekwa yalikuwa meusi tena, maangavu, yakimtazama. Akashuka mbio, akapiga kigelegele kimoja, akajifunika mdomo, kwa sababu mjane hapigi vigelegele. Alimkimbilia Mayu Ngolo kumwambia mke mwenzangu amepona. Mayu Ngolo, asiache kusaga, akauliza kama amekula. Nkwimba akasema bado. Mayu Ngolo akasema basi bado.

Na kweli bado. Siku ile nzima Mlekwa hakuwinda. Alijikunja, akajikunjua, akajisugua kwenye boriti ambayo miaka na moshi vilikuwa vimeifanya laini kama sahani. Siku ya saba panya walipita mbele yake wakisalimiana. Gamba bado lilikuwa juu yake, limekauka, limeanza kunyanyuka kidogo pembeni mwa midomo.

Hapo ndipo Nkwimba alipokosea, na alikosea kwa mapenzi, kosa ambalo halina hata mtu wa kumlaumu. Alifikiri: macho yameshapona, kilichobaki ni hili joho la mfu. Likitoka, atawinda. Kesho ni siku ya nane. Luhende alikuwa uani ananoa kisu na kupiga mluzi. Mchana ule, jua likiwa utosini, akamteremsha Mlekwa, akamlaza mapajani, juu ya shuka la Maduhu, akatia ukucha pembeni mwa mdomo, akavuta.

Lilikuja. Lilikuja kirahisi mwanzoni, kama ganda la kitunguu, na moyo wake ukaruka. Akavuta mpaka puani. Akavuta mpaka juu ya jicho la kushoto. Pale pakagoma kidogo, akadhani ni gamba tu limeshika, akavuta kwa nguvu. Nanyi mnakumbuka kwamba kope zilikuwa zimeshikana zikawa sehemu ya gamba, na gamba lilikuwa bado halijaachana na jicho. Alichokivuta Nkwimba kilitoka na mwanga wa jicho lile. Chini yake palikuwa pabichi, pekundu.

Chatu mkubwa kiasi kile angeweza kumvunja mbavu kabla hajaita. Mlekwa hakumkaba wala hakumuuma. Alitetemeka mwili mzima mara moja, kama mtu aliyeitwa ghafla, kisha akajikunjua kutoka mapajani mwake, akapita mlangoni, akapita kaburini bila kusimama, akaelekea mawe makubwa, kipande cha gamba kikining'inia usoni kama kitambaa kilichochanika. Luhende aliacha kupiga mluzi. Nkwimba alibaki ameketi na kile kipande kingine vidoleni, chembamba, hakina uzito, na katikati yake kidoa cha damu kisichozidi punje ya ulezi.

Alimfuata. Alipomwona yuko ndani ya ufa wa mawe, mahali ambapo maji hutoka taratibu na ukoka haukauki hata kiangazi, hakuingia. Kwa mara ya kwanza katika siku zile zote hakujua la kufanya, na kwa mara ya kwanza akafanya jambo sahihi, yaani hakufanya kitu. Alikaa mbali, hatua kumi hivi, akatazama. Aliona Mlekwa amejilaza kwenye unyevu. Aliona anakwenda majini, anajitumbukiza, anarudi. Mchana wote ukapita hivyo. Hakumwita jina. Hakumwita hata mke mwenzangu.

Asubuhi ya siku ya nane hakurudi nyumbani, na Luhende akatangaza kwamba mjane ametoroka na mali ya ukoo. Mali yenyewe nyoka chongo.

Siku hiyo Nkwimba aliona kitu. Mlekwa aliinua kichwa akaanza kusugua mdomo kwenye jiwe, lakini mawe ya pale yalikuwa yamelambwa na maji miaka na miaka, yanateleza. Mdomo ulipita bila kushika. Akasugua, akachoka, akalala. Akasugua tena. Nkwimba akaelewa kwamba hakuhitaji mtu wa kumvua, alihitaji mahali pa kujishikiza. Akaondoka, akapita nyuma ya zizi asionwe, akaingia jikoni kwa mama mkwe wake, akachukua jiwe dogo la kusagia. Mayu Ngolo alikuwa ameligongagonga upya wiki ileile ili liwe kali, na uso wake ulikwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Akajaza maji kwenye nusu kibuyu. Akarudi, akaviweka mdomoni mwa ufa kwa mkono ulionyooka, akarudi mahali pake hatua kumi.

Mwanamke wa Itandula anaweza kuvumilia kufiwa na mwana, lakini haibiwi jiwe la kusagia akakaa kimya. Kabla jua halijasogea sana Mayu Ngolo alikuwa amefuata nyayo, anahema, fimbo mkononi. Alimkuta Nkwimba amekaa chini, shuka limejaa vumbi, anatazama ufa. Akafungua mdomo kumkaripia. Kisha akatazama kule alikokuwa akitazama mwenzake, akaliona jiwe lake, na kando ya jiwe akakiona kile kichwa chenye jicho moja.

"Unangoja nini hapa?" akauliza.

"Amalize, Mayu."

"Akikawia?"

"Nitakaa."

Mayu Ngolo alisimama. Watu wanaosimulia hadithi hii husema alisimama mpaka kivuli chake kikahama kutoka kulia kwenda kushoto. Mimi sikuwapo, siwezi kupinga. Alipoketi, aliketi kama jengo linavyoketi, kwa mafungu. Alisema, si kwa Nkwimba wala si kwa nyoka:

"Baba yake Maduhu alipokufa walinivua siku ya nne. Nilikuwa bado nalisikia jasho lake. Nikaenda kupalilia. Sijamlilia mpaka leo, mwanangu, na huyu mtoto naye wamenizikia, na machozi sijui yaliko. Nasaga tu."

Nkwimba alilivua shuka begani upande mmoja, akalitandaza juu ya magoti ya mama mkwe wake, upande wa pili ukabaki kwake, wakakaa hivyo chini ya shuka moja la mtu mmoja. Na Mayu Ngolo, mama wa chuma, akaliweka puani, akalia. Aliwalilia wafu wawili kwa pamoja, kwa sauti ambayo Itandula ilikuwa haijaisikia kwa mwanamke tangu siku ya nne ilipoanzishwa.

Asubuhi ya tatu tangu aingie ufani, Mlekwa alisogea kwenye jiwe la kusagia. Akaegemeza mdomo, akasugua, jiwe likashika. Kisha akatembea. Hakufanya zaidi ya hapo. Alitembea mbele, polepole, na lile gamba likabaki nyuma likijigeuza nje ndani, kama mtu anavyovua fulana kuanzia kichwani. Kichwa kikatoka kinang'aa. Shingo ikatoka. Mwili ukaendelea kutoka, mrefu, wenye madoa meusi na ya dhahabu ambayo hawakujua kama yalikuwapo chini ya majivu yale yote, mpaka ncha ya mkia. Mbali na pale Nkwimba alipovuta, hakikuchanika hata kipande. Kila punje aliyokuwa ameishika ilitoka pamoja na wenzake.

Akatambaa kuwaelekea. Njia yake ilipita miguuni mwao, na Nkwimba akakinyoosha kiganja chini kama Maduhu alivyofanya kila jioni. Mlekwa akasimama. Akautoa ulimi, akakigusa kile kiganja, mara mbili. Kisha akakizunguka kama mtu anavyozunguka jiwe njiani, akaendelea na safari zake, akaingia kwenye nyasi.

Hakuwajua. Yule aliyekuwa anawajua alikuwa amelala pale kando ya jiwe, mweupe, mtupu, nje ndani. Gamba jipya halikuwahi kuguswa na mkono wa mtu yeyote. Nkwimba akaelewa alichokuwa ameombea wiki nzima. Alitaka mke mwenzake apone, na mke mwenzake alikuwa amepona.

Waliliokota lile gamba wakaliinua juani. Mahali pa jicho la kulia palikuwa na kiduara kizima, angavu kama tone la maji. Hapo ndipo kope zilipokuwa. Mahali pa jicho la kushoto palikuwa na tundu. Nkwimba alilikunja bila kulivunja, akaliweka ndani ya shuka.

Nyumbani walimkuta Luhende uani na ukoo umekusanyika, wamepanga jembe na mtungi wa maji. Akanyoosha mkono kulishika shuka begani. Mayu Ngolo akamshika kifundo cha mkono, si kwa nguvu.

"Mwache," alisema. "Atavua mwenyewe."

"Lini, Mayu?"

"Kwani wewe ndiye umelivaa?"

Mtama mwaka ule ulipungua, sitawadanganya. Panya walikula karibu nusu. Kwa kuwa Mlekwa hakurudi, na chatu wengine walimfuata mmoja mmoja kwenye mawe, ukoo ukalazimika kumwajiri paka, ambaye hakuwa na uzoefu wowote, analala mchana, na mpaka leo anajiona bosi. Lakini hawakufa njaa. Mtama, kumbe, ulikuwa unaweza kungoja matanga. Ni watu waliokuwa hawataki.

Nkwimba alilima na shuka lile, akavuna nalo, akalipitisha kiangazi likachakaa mabegani. Siku moja, bila kikao na bila vigelegele, alikwenda kwenye ule ufa wa mawe, akaweka maji kwenye kibuyu, akakaa. Kisha akalishika shuka kwenye fundo la shingoni, akalipitisha kichwani, likatoka limejigeuza nje ndani. Akaliacha palepale jinsi lilivyoanguka. Akarudi akiwa mwepesi, na aliona aibu kwa wepesi huo, akalia njia nzima.

Huko kwao, kuanzia mwaka ule, mkono wa mtu haugusi shuka la mjane. Na chatu, kuanzia asubuhi ile mpaka hii tunayoongea, hana kope za kufumba. Amezivaa ndani ya gamba, na kila akijivua huzivua nalo. Siku zake zikikaribia hupauka, macho yakaingia ukungu, akakataa chakula, akatafuta pa kujificha, kwa kuwa anakumbuka watu walivyo. Ukungu ukiondoka watu hudhani amemaliza. Hajamaliza. Wapo watu wazima wanaopanda jukwaani kutangaza kwamba wamejivua gamba huku wakipigiwa makofi. Hao ni waongo, gamba halivuliwi kwa makofi.

Hata mjini siku hizi wapo vijana wanaofuga chatu ndani ya sanduku la kioo, na taa ya kumpa joto, na jina la kizungu. Nao huona weupe ule machoni, wakashtuka, wakatia ukucha. Waambieni waache. Wamwekee bakuli la maji na kitambaa chenye unyevu, wamwekee jiwe au gome la kukwaruza, wafunike sanduku, wakae hatua kumi. Akishatoka, waliinue gamba juani, watazame kama macho yote mawili yamo. Na asipowatambua siku hiyo, wasimlaumu. Alikuwa akimlilia mtu, na amemwacha pale kwenye jiwe.